Kiingereza Kinachoanzia Kwenye Kiswahili: Niliyojifunza Nakivale

Mtu mzima anayeanza kujifunza Kiingereza huja darasani na sarufi nzima kichwani. Anajua ngeli, anajua nyakati, anajua sauti zipi zinakaa pamoja na zipi hazikai, anajua lini aombe na lini aamuru. Mengi ya hayo hakufundishwa na mtu. Aliyapata akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Isimu, yaani taaluma inayochunguza lugha ilivyoundwa na inavyofanya kazi, ina msaada mkubwa kwake: inamwonyesha mali aliyo nayo ili aanze kuitumia. Nimefundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na naamini kwa dhati kwamba dhana chache za msingi za isimu, zikielezwa kwa Kiswahili, humfikisha mwanafunzi mbali kuliko kukariri orodha za maneno.

Nakivale iko wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, upande wa mpaka wa Tanzania. Wakimbizi wamepokelewa hapo tangu kabla nchi haijapata uhuru. Ukipita Base Camp, kitovu cha makazi, siku ya soko utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kisomali na Runyankore ya wenyeji, na Kiswahili kikiwaunganisha watu kwenye salamu na bei. Mimi nilikulia Busia, mpakani na Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya stendi na ya forodhani, kisha nikasomea Kiingereza na isimu Kampala. Darasa letu hukutana kanisani, kwenye mabenchi, saa ambayo mashine za kusaga zimeshazimwa na mtu anaweza kusikika. Wengi wametoka Kivu, mashariki mwa Kongo: yupo fundi cherehani kutoka Fizi, yupo mama wa Uvira anayeuza vitenge, yupo mchungaji wa Bukavu, wapo vijana waliosoma kwa Kifaransa hadi sekondari, na yupo mzee, naye wa Bukavu, aliyefundisha shule ya msingi kwao miaka mingi kabla ya kuhama.

Tangu mwanzo niliamua kwamba Kiswahili kitatumika darasani waziwazi. Uganda uamuzi kama huo bado unahitaji kutetewa. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Baadaye mwanaisimu Robert Phillipson, akiandika mwaka 1992, alichambua imani tano alizoona zinatoka kwenye mkutano ule: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo bora, kwamba kadiri anavyokisikia zaidi ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yeye aliziona zote tano ni potofu. Mimi ninazijua kwa njia nyingine. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, naye akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Tulijifunza kunyamaza. Tangu 2007 mtaala wa serikali unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, na hilo ni jema, lakini shule nyingi za binafsi mijini bado huanza na Kiingereza siku ya kwanza, na wazazi hulipia hicho hasa.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ninalofundisha ni kutenganisha herufi na sauti. Kiswahili kinatudekeza hapa, kwa kuwa tunaandika karibu kama tunavyotamka. Kiingereza kina herufi 26, lakini matamshi ya kusini mwa Uingereza, yale ambayo kamusi nyingi huyafuata, yana sauti kama 44: konsonanti 24 na irabu 20, ukihesabu na zile zinazoanza hapa na kuishia pale, kama ya neno “boy”. Kiswahili kina irabu 5. Mwenye irabu 5 akikutana na 20, sikio lake litazipanga zote ndani ya vile vyumba vitano alivyo navyo. Ndiyo maana “hat”, “hut” na “heart” hutoka kinywani mwetu zikiwa neno moja, na “ship” na “sheep” vilevile. Tatizo haliko kwenye ulimi. Ulimi unaweza. Sikio ndilo halijaambiwa kwamba tofauti ile ina maana.

Kutoka hapo tunaingia kwenye fonimu, sauti inayobadilisha maana ya neno. Huwa siielezi kwa Kiingereza kwanza. Niliandika ubaoni “fua” na “vua”, nikamwuliza fundi cherehani tofauti yake. Akajibu bila kufikiri: ya kwanza ni ya dobi, ya pili ni ya mteja anayetaka kujaribu suruali. Nikamwomba aweke vidole kooni atamke f ndefu, kisha v ndefu, bila irabu yoyote. Alikaa nazo kitambo, f, v, f, v, mama wa vitenge naye akamfuata, kisha fundi akasema, “Mwalimu, hii ya pili inatetemesha koo.” Hiyo ndiyo sauti ghuna. Mdomo umekaa vilevile, meno yamekaa vilevile kwenye mdomo wa chini, kilichobadilika ni nyuzi za sauti kutetemeka. Ukishalishika hilo kwenye f na v, unalo pia kwenye p na b, t na d, k na g, s na z, na katika Kiingereza unalo kwenye sauti mbili za “th”: ile ya “think” isiyotetemesha na ile ya “this” inayotetemesha.

Hiyo “th” ilitupa kazi kwa sababu ambayo Mswahili wa pwani asingeifikiria. Yeye anazo zote mbili tayari, kwenye “thamani” na “dhahabu”, zilizokuja pamoja na maneno ya Kiarabu. Lakini wanafunzi wangu wengi kutoka Kivu husema “samani” na “zahabu”, na badala ya thelathini huhesabu makumi tatu. Kifaransa nacho hakiwasaidii kwa sauti hizi. Basi tukaanza na “thelathini”, neno la Kiswahili, ulimi ukiguswa na meno ya juu, na baada ya hapo “think” na “three” zikawa nyepesi. Mchungaji alipendezwa kwamba matamshi ya Kiingereza yamemsogeza pia kwenye Kiswahili cha Biblia anayoisoma kila Jumapili.

Kuna jambo jingine la fonimu ambalo huwa ninalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimesikia watu wengi wakidhihakiwa nalo. Mganda akisema “lice”, yaani chawa, akimaanisha “rice”, yaani mchele, watu hucheka, na vichekesho vya redioni vimejengwa juu ya hilo. Sasa tazama Luganda yenyewe. Kazi ni “omulimu”, kazi nyingi ni “emirimu”. Mlango ni “omulyango”, milango ni “emiryango”. Mzizi ni uleule. Sauti hugeuka kuwa r ikitanguliwa na i au e, na hubaki l mahali pengine. Kwa hiyo katika Luganda l na r ni fonimu moja yenye sura mbili, na kila sura ina mahali pake. Mwanaisimu huita sura hizo alofoni. Anayezichanganya katika Kiingereza anafuata kanuni timilifu ya lugha yake. Mwalimu mmoja wa chekechea, Mganda, alipokuja kukaa nasi, tulimwonyesha kanuni hiyo ubaoni. Hakuwahi kuambiwa kwamba ipo. Tukamtungia mazoezi ya r inayofuata a, o na u, na ya l inayofuata i na e, pale hasa ambapo Luganda inamvuta upande wa pili. Ukijua kanuni iko wapi, unajua pia mazoezi yaende wapi, na hupotezi muda kumkaririsha maneno asiyokosea.

Silabi tulizipita haraka. Kiswahili hupenda konsonanti kisha irabu, ndiyo maana “bus” likawa basi, “bank” likawa benki, “club” likawa kilabu. Kiingereza huweza kurundika konsonanti tatu mwanzoni na kadhaa mwishoni katika silabi moja, kama kwenye “strengths”. Vijana wa Kifaransa hawakuwa na shida kubwa hapo. Kwa wengine dawa ilikuwa kuanza na mkia wa neno na kurudi nyuma polepole.

Mkazo ulituchukua muda zaidi. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kufikiri, isipokuwa kwenye maneno machache kama barabara: ile unayopita ina mkazo wa kawaida kwenye “ba” ya pili, na ile ya kusema kazi imefanywa barabara ina mkazo kwenye “ra” ya kwanza. Nilianza na neno hilo kwa makusudi, ili waone kwamba mkazo unaweza kubeba maana hata kwetu. Kisha tukachukua “photograph”, “photography” na “photographic”. Mkazo wa la kwanza uko mwanzoni, wa la pili unahamia silabi ya pili, wa la tatu unahamia ya tatu. Na mara nyingi mkazo unapoondoka, irabu iliyobaki hufifia na kuwa ile sauti fupi isiyo na nguvu inayoitwa shwa, ambayo ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza na haina herufi yake. Fundi alikuwa akigonga benchi kwa mkasi kwenye kila silabi yenye mkazo. Benchi likapata alama, lakini neno “photography” analitamka vizuri kuliko vijana wenye diploma.

Kuhusu maandishi ya Kiingereza, swali halikuchelewa. Mama wa vitenge alitazama neno “knife” akauliza, “Mwalimu, ile k iko nafanya nini pale?” Zamani k ile ilitamkwa. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, bado wanaitamka mwanzoni mwa “Knie”, yaani goti. William Caxton alileta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kugandishwa na wachapaji wakati matamshi yalikuwa bado yanahama, hasa irabu ndefu, ambazo zilibadilika karibu zote kati ya karne ya 15 na ya 18. Maandishi yanaonyesha Kiingereza cha watu waliokufa zamani. Ukilichukulia hivyo, unaacha kukikasirikia.

Vijana wa Kifaransa nao walipata raha yao siku tulipofika 1066. Mwaka huo Wanormani, waliosema Kifaransa, waliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wakawa wanasema Kifaransa huku wakulima wakisema Kiingereza. Ng’ombe akiwa zizini ni “cow”, la Kiingereza cha kale. Akifika mezani ni “beef”, la Kifaransa. Kondoo ni “sheep”, nyama yake “mutton”. Nguruwe ni “pig”, nyama yake “pork”. Vijana waliyaona “bœuf”, “mouton” na “porc” wakapiga meza. Tangu hapo wakawa wanakusanya maneno wanayoyatambua, na nikalazimika kuwatahadharisha kwamba mengine yanadanganya: “librairie” ya Kifaransa ni duka la vitabu, “library” ya Kiingereza ni maktaba.

Katika mofolojia, yaani uundaji wa maneno, Mswahili ni tajiri kuliko anavyodhani. Niliandika “hawakutupikia” tukaikata: ha- ya kukanusha, -wa- ya watendaji, -ku- ya wakati uliopita, -tu- ya sisi tuliokosa chakula, mzizi -pik-, -i- ya kutendea, na -a ya mwisho. Vipande saba vyenye kazi, kila kimoja mofimu, katika neno moja ambalo Kiingereza hulisema kwa maneno matano: “they didn’t cook for us”. Anayeweza kuunda neno kama hilo huku anakoroga uji hana sababu ya kuogopa “-ed” na “-s”.

Mwaka 1958 mtafiti Mmarekani Jean Berko alichapisha jaribio ambalo bado nalipenda kuliko yote. Aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni, akawaambia huyu ni “wug”, sasa wako wawili, wako nini? Watoto wakasema “wugs”, neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Maana yake hawakukariri wingi wa kila neno. Walikuwa na kanuni. Nililifanya kwa Kiswahili kwanza. Nikasema: hiki ni kidopo, viwili je? Darasa zima: vidopo! Hakuna aliyesita. Nikasema: huu hapa, au huyu hapa, ni mdopo, na kabla sijamaliza mzee wa Bukavu akainua mkono: “Ni mtu ao ni muti?” Akiwa mtu watakuwa wadopo, ukiwa mti itakuwa midopo, na kabla hajajua hilo hawezi kuendelea. Ndani ya swali lake kulikuwa na ngeli na maana zikifanya kazi pamoja. Mchungaji yeye akasema kwao wangekuwa “badopo”. Kijana mmoja aliyewahi kukaa Kigoma akamcheka kwa “batu” na “batoto” zake, na hapo nikasimamisha somo. Ile ba- ni ileile ya “abantu” katika Luganda na Kinyarwanda, wana kanuni yao nao wanaifuata bila kuyumba. Isimu huanza kwa kueleza watu wanavyosema. Kiswahili sanifu kina kazi yake kwenye mtihani na gazetini, nami nakifundisha kwa moyo wote, lakini hakimpi mtu ruhusa ya kudharau kinywa cha mwenzake.

Baada ya kidopo, “wug” ilikuwa rahisi, na swali likawa zuri zaidi: kwa nini “cats” inaishia kwa s, “dogs” kwa z, na “buses” kwa silabi nzima? Fundi akaweka vidole kooni. T haitetemeshi, basi s. G inatetemesha, basi z. Na baada ya sauti inayofanana na s lazima irabu iingie katikati, la sivyo s mbili zitamezana. Alilitoa mwenyewe, kutokana na “fua” na “vua”.

Sasa “the”. Hapa ndipo nimekaa na darasa muda mrefu kuliko popote, na ndipo naona vitabu vingi vinawaangusha watu wetu. Vinasema Kiswahili hakina “a” wala “the”, kisha vinatoa kanuni nyingi za kukariri, kana kwamba Mswahili hajui kutofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Anajua sana. Mama wa vitenge alikuwa akitusimulia juu ya mteja aliyerudi. “Alinunua kitenge,” akasema. Nikamwuliza, kile ulichomwekea tangu juzi? “Ee, alikinunua.” Ile -ki- iliyoingia ndani ya kitenzi ilitokea mara tu kitenge kilipokuwa kimeshajulikana na sisi wote. Nikaandika chini ya kila sentensi mwenzake: “She bought a kitenge”, “She bought the kitenge”. Kukawa kimya kidogo, kisha kila mtu akaanza kujaribu za kwake. Amekula embe, amelila embe. Nimeona nyumba, nimeiona nyumba. Kwa wale ambao Kiswahili chao hakitumii sana viambishi hivyo tulitumia “kile” na “fulani”, na ikafika palepale.

Njia hiyo ina mipaka, na nilisema wazi. Kwa watu haifai kwa kuwa tunasema “nimemwona mtu” hata kama hatumjui. Haielezi kwa nini Waingereza husema “the sun”, ingawa ukifikiri kidogo, jua liko moja na wote tunalijua. Na haiwasaidii vijana wa Kifaransa, ambao ugonjwa wao ni tofauti kabisa. Mama huiacha “the”: “I closed shop”. Vijana huizidisha: “The life is hard”, kwa sababu Kifaransa huweka “la” mbele ya maisha yote kwa jumla, na Kiingereza hapo hakiweki kitu. Darasa moja, kifungu kimoja cha sarufi, makosa mawili yanayokwenda pande mbili, na kila moja linaonyesha lilikotoka. Mwalimu anayesahihisha yote kwa kalamu moja nyekundu bila kuuliza yametoka wapi anafanya kazi nusu.

Mwanaisimu Pit Corder aliliandika hili mwaka 1967: kosa linalojirudia kwa utaratibu ni ushahidi wa kanuni ambayo mwanafunzi anaijenga, na ni tofauti na kuteleza kwa ulimi ambako hata mzawa huteleza. Miaka mitano baadaye mwanaisimu mwenzake Larry Selinker alipendekeza kwamba mwanafunzi ana lugha yake ya katikati, ambayo si ya kwanza wala bado si ya pili, na ina sarufi yake. “I am knowing” ni ya huko: -na- ya “ninajua” na “ninakula” ni moja, Kiingereza kinazitenganisha. “My mother, he is sick” ni ya huko: yeye ni yeye, awe mama au baba. Mzee wa Bukavu, aliyesahihisha madaftari maisha yake yote, alilichukua wazo hilo kwa uzito kuliko mtu yeyote. Sasa, kila anapokuta kosa kwenye daftari la jirani yake, huandika pembeni neno moja: Kiswahili, Kifaransa, Kibembe, au haraka.

Sintaksia, mpangilio wa maneno katika sentensi, niliianzisha kwa fungu la maneno manne: “mke wa mwalimu mpya”. Nani mpya? Kwa kuwa mke na mwalimu wako ngeli moja, upatanisho hauamui, na maana mbili zinakaa ndani ya maneno yaleyale. Badili useme “kitabu cha mwalimu kipya” na utata umekwisha. Kiingereza “the new teacher’s wife” kina utata uleule na hakina ngeli za kukiokoa. Hapo ndipo wanafunzi huona kwamba sentensi ina matawi ndani yake, na kwamba wakati mwingine maneno yaleyale hubeba miti miwili. Mwanaisimu Noam Chomsky alifanya jambo hilo kuwa kiini cha isimu kuanzia 1957, lakini waumini wa kanisa letu wangeweza kubishana kuhusu mke wa mwalimu hadi saa tatu usiku bila msaada wake.

Ila somo ambalo watu walilihitaji kuliko yote lilikuwa la pragmatiki, yaani maana inavyotegemea nani anasema na nani, wapi. Mama mmoja alikwenda kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye homa akamwambia mhudumu, “You give me paper.” Alimaanisha “unipe karatasi”, na katika Kiswahili umbo hilo la “unipe” limeshabeba heshima. Mhudumu alisikia amri. Alimjibu kwa ukali mbele ya watu, mama akarudi nyuma ya foleni na mtoto wake. Sarufi yake ilieleweka kabisa. Kilichopotea ni adabu aliyokuwa ameitia ndani ya kitenzi, kwa sababu Kiingereza huiweka mahali pengine, kwenye swali lisilo swali. “Could you give me the paper?” haiulizi uwezo wa mtu. Mwanafalsafa J. L. Austin alionyesha kwamba kusema ni kutenda: kuomba, kuahidi, kuonya, kubatiza. Jioni ile tuliacha kila kitu tukafanya maombi peke yake, ya hospitali, ya ofisini, ya shuleni, kila mtu akisimama. Mama yule alirudia lake mpaka likatoka bila kusita. Ningependa pia wahudumu wafundishwe upande wa pili, kwamba “you give me” ya mkimbizi mara nyingi ni “naomba”.

Na Kiingereza cha Uganda chenyewe kimejaa adabu zetu. Mtu akikukuta unalima anakuambia “well done”, akibeba “gyebale ko” ya Luganda. Usipoonekana muda mrefu unaambiwa “you are lost”, umepotea. Mtu akijikwaa unamwambia “sorry” ingawa hukumkwaza, kwa kuwa unampa pole. Braj Kachru, mwanaisimu wa Kihindi, aliziweka nchi kama yetu katika duara la nje la Kiingereza: kilikuja na ukoloni, kikabaki kikapata mizizi na kanuni za hapa. Ninawafundisha wanafunzi wangu Kiingereza cha mtihani, na ninawafundisha pia kujibu “well done” barabarani.

Mambo yamegeuka upande mwingine siku hizi. Tangu mtaala mpya wa sekondari wa 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanafunzi wa shule za jirani wameanza kuja kwetu na madaftari yao. Msichana mmoja Mganda aliuliza kwa nini ni “kitabu changu” lakini “mwalimu wangu”. Mama wa vitenge ndiye aliyemjibu. Alimwambia, “Mwanangu, kwenu munasema je?” Msichana akasema “ekitabo kyange”, “omusomesa wange”, kisha akaziba mdomo kwa mkono na kuanza kuandika. Sasa Jumamosi makundi mawili hukaa pamoja, wakubwa wakifundisha Kiswahili na vijana wakifundisha Kiingereza, na ubao tumeugawa katikati kwa chaki. Wiki ijayo wamechagua wenyewe nyakati: -me- upande mmoja, “have” upande wa pili, na mzee wa Bukavu ameomba aongoze yeye.